Mshono wa Yai Lililo Nyuma ya Nyumba

Riziki mwanangu,

Salamu siandiki, maana nakusikia hapo jikoni. Unabishana na mama yako kama unga wa muhogo unapatikana Buffalo au hapana. Mimi niko huku nyuma, ndani ya yai, karavani yetu ya faiba, nimekaa kwenye kile kiti ulichokuwa unafanyia kazi za shule, na mlango nimeufunga. Sasa hivi umepita ukagonga ukuta, ukauliza, "Dad, you okay in there?" Nikakujibu niko sawa, natengeneza taa.

Taa haina shida yoyote. Huo ni uongo wangu wa pili leo. Wa kwanza nilimwambia Babu yako kwa simu saa ya mchana, na ndio ulionifanya nitafute karatasi.

Mambo ya koti la baridi, ya bima, ya kanisa gani utaenda kule East Side kwa shangazi, hayo mama yako atakuambia mpaka masikio yachoke. Mimi nina jambo moja. Kesho asubuhi unataka kufunga yai hili nyuma ya gari, ulivute mpaka Columbus, upite, ufike Buffalo, na ulale ndani yake mpaka upate nyumba. Mshono wake ni mbovu. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi kiwandani. Nilimulika tochi, nikaona, halafu nikatia sahihi.

Usitupe karatasi. Najua hasira yako, umeichukua kwa mama yako. Soma mpaka mwisho, halafu ukasirike vizuri.

Hao watu wa Buffalo walionunua makalibu ya kiwanda chetu, uliwaambia unaijua historia ya karavani hizi tangu utoto. Wakafurahi, wakakupa kazi ya ukaguzi. Bon. Historia unayoijua ni ile ya kwenye matangazo, yenye picha ya familia inacheka kando ya ziwa. Nikupe ile niliyoiona mimi.

Mwenye kuanzisha alikuwa mzee mmoja, Loyd. Alikuwa Columbus, anatengeneza mabafu ya faiba kwenye gereji yake. Unajua bafu linavyotengenezwa: kuna kalibu, umbo la kufinyangia, unapaka rangi ngumu kwanza, unalaza nyuzi za kioo, unamwaga gundi ile ya rezini, unaviringisha rola mpaka nyuzi zinywe gundi yote. Siku moja akachukua mabafu mawili, moja akalilaza, lingine akalifunika juu. Akamwita mkewe aje aangalie lile umbo la yai. Mke akatoka, akatazama, akasema, "Sasa unataka kuoga na kuku?" Alinisimulia hiyo mwenyewe, na kila mara alicheka kama ndiyo mara ya kwanza. Donc, karavani ya kwanza ilitoka hapo: vipande viwili, cha chini na cha juu, vimekutana kiunoni. Hakuna msumari, hakuna ubao wa kuoza. Kila kitu kinashikwa na ule mshono wa kiunoni, vitambaa vya nyuzi vilivyolazwa kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Mshono ukiwa mzima, yai linazeeka kuliko mwenyewe. Mshono ukiwa na kasoro, una nusu mbili za bafu zinazokimbia barabarani.

Columbus ikawa ndogo, akapakia makalibu kwenye lori akaja Louisville, kwenye ghala la zamani la tumbaku. Sisi tulipofika mtaa wa Beechmont kutoka kambi ya wakimbizi, kiwanda kilikuwa kinatafuta watu wa kuvumilia harufu ya rezini. Mtu wa kanisa akaingia, akamwita ndugu, ndugu akamwita shemeji. Baada ya muda nusu ya kiwanda ilikuwa kwaya yetu. Loyd alikuwa mzee tayari, anatembea kati ya mayai na sarafu mkononi, anagonga kuta. Tak, tak, tak. Alinishika mkono akanifundisha. "Ukuta mzima unajibu," akasema. "Ukuta mgonjwa unanyamaza." Na tochi vilevile: unaweka mwanga upande mmoja, unaangalia upande mwingine. Nyuzi zilizonywa gundi zinapitisha mwanga kama asali. Zile kavu zinabaki nyeupe. Nyeupe ni hewa. Nyeupe ni mahali hapajashikana.

Akanifanya mkaguzi. Unakumbuka nilivyokuwa natembea kifua mbele? Hapa Amerika mtu mweusi asiyemaliza sekondari anapewa tochi na kalamu, na karavani haitoki mlangoni mpaka aseme ndiyo. Nikajiona waziri.

Mimi ndiye niliyemleta Babu yako, mzazi wa mama yako, kiwandani. Alikuwa amekaa nyumbani mwaka mzima anaangalia bus zikipita. Nilijua mikono yake. Mtu aliyezalisha ng'ombe maisha yake yote kwenye baridi ya milimani, mikono yake inasikia kitu ambacho macho hayaoni. Loyd akamweka kwenye mshono, na mwezi haujaisha akasema hajawahi kuona mtu wa mshono kama huyu. Wazungu walikuja kumtazama. Hakuongea neno la Kiingereza, aliimba tu chini chini huku rola inaenda.

Loyd akafa. Binti yake, Denise, akashika kiwanda. Ikaja corona, watu wakaogopa hoteli, kila mtu akataka nyumba yake ya magurudumu. Oda zikaja kama mvua. Denise hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayekimbia, na sisi tukakimbia nyuma yake.

Majira ya baridi yale ndiyo nataka kuyafikia.

Baridi inafanya rezini iwe nzito kama uji. Inataka rola taratibu, na inataka macho. Nikaanza kuona weupe kwenye mishono ya Babu yako. Kidogo, kwenye pembe, halafu zaidi. Siku moja nikasimama mbali nikamwangalia. Alikuwa anainama mpaka pua inagusa faiba. Alipotaka kuchukua rola, alipapasa meza kwanza. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, hakumwambia mtu.

Sasa elewa nilipokuwa nimesimama. Wewe umekulia hapa, kwako mkwe ni mtu wa kucheka naye kwenye barbecue. Kwetu bamukwe, baba wa mke, ni mtu ambaye sikai kwenye kiti alichokalia. Sikuwahi kula mbele yake mpaka nikawa na watoto watatu. Namba yake ya simu ninayo miaka yote hii, na mpaka leo mchana hatukuwa tumepigiana hata mara moja. Neno lake linapita kwa mama yako, neno langu linapita kwa mama yako. Na mimi nimwendee, mbele ya vijana wa kwaya, nimwambie: Baba, macho yako yamekwisha, kazi yako ni mbovu?

Nikamwambia mama yako. Akaacha kusonga ugali.

"Wewe njo mukubwa wa kazi. Mimi nitaanzia wapi? Nimuambie baba yangu bwana wangu amesema wewe ni kipofu?"

Basi nikatafuta mshenga, kama tunavyofanya. Nikaenda kwa Mzee Gideoni wa kanisa. Akanisikiliza, akafunga macho, akasema, "Neno kama hili habapeleke mikono mitupu. Tutaenda siku ya Mungu, tutabeba Fanta. Tutaongea kwanza habari ya ngombe. Kisha polepole, polepole, tutafika kwa macho."

"Mzee, mayai yanatoka kila siku."

"Na wewe unataka kuongelesha bamukwe yako kama unafukuza mbuzi kwa shamba?"

Nikaona ana haki. Jumapili ya kwanza ikawa na harusi. Ya pili ikawa na kilio, mtu amefiwa. Ya tatu theluji ikafunga barabara. Na siku zote hizo katikati, Riziki, mimi nilikuwa namulika, naona nyeupe, natia sahihi. Nilijiambia: ni wiki hii tu. Nilijiambia: Mzee Gideoni atalimaliza. Kwa mayai mengine nilichukua rola mwenyewe wakati wa kula, nikajaribu kuongeza gundi juu. Haisaidii. Gundi juu ya hewa ni rangi tu.

Mzee Gideoni alifika na Fanta zake Jumapili ya nne. Alhamisi kabla yake, yai moja lilikuwa limeshafunguka.

Lilifungukia kwenye barabara kubwa kaskazini ya Columbus, siku ya upepo. Kipande cha juu kilinyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Waliokuwa wanalivuta hawakupata kitu. Mama mmoja nyuma yao alikwepa, akaingia kwenye mtaro, akavunjika nyonga. Anaishi. Anatembea na fimbo. Nilipata kuijua sura yake kwenye simu ya mtu, na mpaka leo sijamwandikia hata mstari. Hilo nalo ni deni langu, wewe usilibebe.

Kesho yake Denise akatuita ofisini, mimi na Babu yako. Mimi kama mkaguzi, na mimi tena kama mtafsiri, maana hakukuwa na mwingine. Denise alikuwa amelia, uso umevimba. Akauliza, "Mwulize: kuna mtu yeyote aliwahi kumwambia kazi yake ina kasoro?"

Nikatafsiri. Nilitafsiri sawasawa. Nilijua jibu ni hapana, na hapana hiyo ilikuwa kisu kwangu. Kwa maana kama hakuna aliyemwambia, basi mkaguzi alikuwa wapi?

Babu yako hakumwangalia Denise. Aliniangalia mimi. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu alinitazama machoni muda mrefu, na macho yale yenye ukungu, sijui aliona nini. Akasema, "Muambie ni mikono yangu. Mukaguzi asingeona. Nilificha."

Riziki, hakuficha kitu. Hakujua. Lakini mbele ya mwanamke wa kigeni, hakukubali bwana wa binti yake avuliwe nguo. Alinifunika na blanketi lake mwenyewe, akabaki uchi.

Na mimi? Nikageuka kwa Denise nikatafsiri. Neno kwa neno. Sijawahi kutafsiri vizuri hivyo tangu nifike nchi hii.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Waliita mayai yote ya baridi ile yarudi, wakayapasua, wakayashona upya, na kazi hiyo ikala kiwanda. Hatukumaliza hata kiangazi. Makalibu yakauzwa kwa hao vijana wa Buffalo. Babu yako akahamia Westerville, hapo kando ya Columbus, kwa mjomba Samweli. Tukawaambia watu amefuata wajukuu.

Wewe ulikuwa na miaka ya kubishana na kila mtu. Siku moja mezani ukasema, "Babu ndiye aliyevunja kiwanda." Mama yako akaniangalia. Mimi nikachukua tonge jingine. Nililimeza, likapita. Hapo ndipo nilipokukosea wewe, si yeye tu. Umekua ukimdharau kwa kosa langu. Juzi nikasikia unamwambia mama yako kwamba kesho hutasimama Westerville, utapita moja kwa moja, gari zito. Mama yako akasema, "Ata kusalimia?" Ukasema, "For what?" Mimi nilikuwa mlangoni, viatu mkononi.

Usije ukasema ni mila zetu ziliharibu. Nimefikiri sana hilo nikiwa kazini ghalani, nasukuma maboksi. Mila ile ile ndiyo iliyomfanya Babu yako anifunike. Hainibebei kosa. Mila ilinizuia kufungua mdomo, sawa. Lakini hakuna mila iliyonishika mkono kuandika jina. Ningeweka kalamu mezani, nisiseme neno, nisimtukane mtu. Yai lingebaki ndani. Denise angekuja kuuliza kwa nini, mambo yangejulikana yenyewe. Kalamu ilikuwa yangu peke yangu, na niliitumia kwa sababu nilipenda kuwa mkaguzi. Niliogopa siku moja bila cheo kuliko nilivyoogopa barabara.

Hili yai sasa. Lilikuwa bado uwanjani wakati kiwanda kinafungwa, halikupasuliwa kama mengine. Nikamwomba Denise anipe. Akadhani ni kumbukumbu, akalia tena, akanipa. Lilikuja hapa juu ya lori, halikuvutwa na gari hata siku moja. Nilitaka lisiingie barabarani milele. Mkalifanya nyumba ya kuchezea, halafu darasa lako, mimi nikawa nalifagia kila chemchemi kama kaburi. Wewe uliposema, "Baba, nitaenda nalo," nilisema sawa. Mdomo ulisema kabla yangu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nilikuwa nangoja gari lako liharibike. Nilikuwa nangoja mtu mwingine akuambie. Nilikuwa nangoja Jumapili, mwanangu, kama zamani.

Leo mchana simu ikalia, jina lake. Nilidhani amekufa, ni Samweli anatumia simu yake. Nikasimama kabla ya kupokea.

"Mukwe wangu."

"Baba."

"Nasikia mutoto anakuja kuvuta ile yai ya nyuma ya nyumba."

"Ndiyo, Baba. Kesho."

"Ile yai, ni ya ile wakati?"

Na mimi nikasema, haraka, "Hapana, Baba. Hiyo ni ya mbele, ya wakati wa Loyd. Hiyo iko muzuri."

Akasema, "Bon. Mungu amusindikize." Akakata.

Mzee huyu alivunja mwiko wa kupigiana simu ambao hatukuuvunja kwa miaka yote ili kukuokoa wewe, unayepita mlangoni kwake bila kusimama. Na mimi nikamjibu hivyo. Nikaja huku nikatoa kapeti ya ukuta chini ya dirisha, nikaweka tochi kwa nje, nikaangalia. Nyeupe, Riziki. Kutoka dirishani mpaka kabatini. Nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba labda nakumbuka vibaya.

Hapa niliacha kuandika. Nimetoka nje, nimezunguka nyumba, wewe umenichungulia dirishani na mwiko mkononi. Nimempigia.

"Baba, nimekudanganya. Yai ni ya ile wakati."

Nikasikia televisheni ya Samweli, mpira.

"Nilijua," akasema. "Mutu anajibu mbio hivyo, iko anafukuzwa na nini? Macho yangu balishapasua hapa Columbus. Sasa naona mpaka kwa telefone."

Nilicheka, nikashtuka kwamba nimecheka mbele yake.

"Nisamehe, Baba. Na ile ya kwa Denise."

"Ile ya Denise tutaongea nikifika."

"Ukifika wapi?"

"Samweli iko anatafuta funguo ya gari. Uko na rezini?"

"Iko ya zamani."

"Ya zamani tupa. Nunua mupya. Na heater, sitaki baridi kwa mushono wangu. Na mutoto asiende fasi yoyote." Halafu akaongeza, sauti imeshuka, "Yeye anajua?"

"Naandika."

"Unaandika! Mutoto iko jikoni na wewe unaandika. Kweli wewe ni mukaguzi."

Basi, ndiyo habari yenyewe. Kesho huendi. Ukitafuta pini ya kufungia yai kwenye gari hutaipata, iko mfukoni mwangu. Piga simu Buffalo, waambie mkaguzi wao mpya amegundua kasoro kabla hajaanza kazi. Waeleze na kasoro ni ya nani. Taja jina langu.

Babu atasaga mshono wa zamani mpaka utoke wote, na atalaza mpya. Mimi nitashika taa na kukata nyuzi. Gundi itataka joto lake na muda wake, hatutaisukuma. Ikishakauka tutazima taa, utaingia wewe. Utamulika tochi inchi kwa inchi, utagonga na sarafu, pande zote, mimi na yeye tumesimama hapo. Atakuwa bamukwe wangu, atakuwa babu yako, atakuwa ametoka Westerville usiku na mgongo unamuuma. Hata hivyo, ukiona nyeupe, sema. Ukuta ukinyamaza, wewe usinyamaze. Usitafute mzee wa kanisa, usingoje Fanta.

Nakuja jikoni sasa nikupe karatasi hizi mkononi. Nitasimama karibu na friji mpaka umalize kusoma, sitaenda popote.

Baba yako